Uzi: Seli inajuaje kwamba imeshanakili DNA yake, isirudie mara ya pili?

#1 MwalimuNyegezi

Habari za jioni wanajukwaa. Ninafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita, na kuna jambo ambalo vitabu vyetu hulipita haraka mno. Seli ya binadamu ina kromosomu 46 zenye jozi za besi zipatazo bilioni 6, na kabla ya kugawanyika inapaswa kuzinakili zote kwa muda wa takribani saa 8. Kwa kuwa vimeng'enya vya kunakili huenda polepole, jozi elfu moja mpaka elfu mbili hivi kwa dakika, seli haianzii mwisho mmoja na kuishia mwingine, bali hufungua maelfu kwa maelfu ya vituo vya kuanzia, vingine mapema na vingine baadaye.

Hapo ndipo penye swali langu. Kituo kilichoanza saa ya kwanza kimeshapitiwa, na kile cha saa ya sita bado kinasubiri. Vyote viwili vimo ndani ya kiini kimoja na vimezungukwa na protini zile zile. Ni nini kinachokizuia kile cha kwanza kisianze tena? Kikirudia, kipande hicho cha DNA kitakuwa na nakala tatu au nne mahali panapotakiwa mbili. Wanafunzi hujibiwa kwamba "protini hudhibiti", na somo linasonga mbele. Ni protini ipi, na inadhibiti kwa namna gani?

#2 Kijana_Ilemela

Mwalimu, jibu ni protini iitwayo p53. Ndiyo inayoitwa mlinzi wa jenomu, na katika zaidi ya nusu ya saratani za binadamu jeni yake hukutwa imeharibika. Kinachoharibika mara nyingi kiasi hicho ndicho msimamizi mkuu. Sioni sababu ya uzi huu kuwa mrefu.

#3 MaabaraPasiansi

Kijana_Ilemela, takwimu yako ni sahihi, ila hitimisho halitokani nayo. p53 hufanya kazi hasa pale DNA inapojeruhiwa. Kiwango chake hupanda, huamsha jeni ya protini nyingine iitwayo p21, na p21 huzishika kinasi (vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini nyingine) zinazosukuma mzunguko wa seli mpaka ukarabati ukamilike. Jeraha likizidi, seli hujiua. Panya walioondolewa p53 kabisa, walioelezwa mwaka 1992, wengi wao walizaliwa wakiwa na viungo vyote, ndipo wakapata saratani ndani ya miezi michache. Kama p53 ndiyo ingekuwa inahesabu nakala, wasingefika hata kuzaliwa.

Mwalimu, utaratibu unaoutafuta wataalamu huuita utoaji wa leseni. Mwaka 1988 John Blow na Ron Laskey walitumia majimaji yaliyokamuliwa kutoka mayai ya chura wa Afrika mwenye kucha. Waliona kwamba kiini kilichokwisha kunakili DNA yake hakinakili tena mpaka kipite kwenye mgawanyiko, au mpaka utando wake utobolewe. Wakapendekeza kwamba kuna kitu kinachohitajika kabla ya kunakili, ambacho hutumika kikaisha, na ambacho hakiwezi kuingia tena wakati utando ungali mzima.

Leo protini zenyewe zinajulikana kwa majina. Kundi la protini 6 liitwalo ORC hukaa kwenye kituo. Mgawanyiko ukiisha, Cdc6 na Cdt1 hushirikiana na ORC kuivisha DNA pete mbili za MCM, kila pete ikiwa imeundwa na protini 6 tofauti. Pete hizo ndizo leseni, na zikivaliwa tu hazifanyi lolote. Saa ya kunakili ikifika, kinasi mbili, CDK na DDK, huchochea pete hizo, Cdc45 na GINS hujiunga nazo, kisha pete huachana na kila moja hushika upande wake ikizitenganisha nyuzi mbili za DNA. Kituo hubaki bila pete. Fikirieni kivuko ambacho dirisha la tiketi hufungwa kabla ya lango la kupandia kufunguliwa: aliyepanda tiketi yake imeshachanwa, na hakuna pa kununua nyingine mpaka safari iishe.

#4 Busisi_Ng'ambo

Ndugu wa maabara, huku kwetu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 tumeshaanza kuzisahau hizo tiketi, lakini mfano nimeuelewa vizuri kuliko maelezo yote niliyopata shuleni. Sasa nami nina swali. Dirisha hilo hufungwa na nani? Pete kuondoka kituoni hakutoshi, kwa sababu Cdc6 na Cdt1 si zingeweza kuleta pete nyingine mara moja?

#5 MtafitiHamira

Busisi_Ng'ambo ameuliza swali ambalo ndilo kiini cha jambo lote, na jibu lake lilianzia kwenye hamira na mayai ya wanyama wa baharini kabla ya kufika kwa binadamu. Leland Hartwell alikusanya aina za hamira ambazo mzunguko wao hukwama hatua fulani joto likipanda, na kila aina ikamwonyesha jeni mojawapo inayohitajika. Paul Nurse alifanya vivyo hivyo kwa hamira ya jamii nyingine, *Schizosaccharomyces pombe*, akaipata jeni ya kinasi inayoamua wakati wa kugawanyika. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walionyesha kwamba jeni ya binadamu inaweza kushika nafasi ya ile ya hamira na seli ikaendelea kugawanyika kama kawaida. Tim Hunt, mwaka 1982, aliona katika mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba mwili mzima protini ambayo hujikusanya taratibu, kisha hutoweka ghafla kila mgawanyiko unapofika. Akaiita saiklini. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001.

Kinasi ya CDK haifanyi kazi bila saiklini. Kwa hiyo mgawanyiko ukiisha na saiklini ikivunjwa, CDK huwa chini kabisa, na huo ndio muda pekee wa kuvisha pete. CDK ikipanda hufanya mambo mawili kwa pamoja: huziamsha pete zilizokwisha vaa na huzuia mpya zisivae. Katika hamira ya mikate huifanya Cdc6 ivunjwe, huitoa MCM nje ya kiini na huigusa ORC yenyewe. Kufunga dirisha na kufungua lango ni kazi ya kinasi hiyo hiyo, na kwa maoni yangu hakuna utaratibu mzuri zaidi ya huo katika baiolojia yote.

#6 Mzee_wa_Magu

Nimeliona jina *pombe*. Basi hamira hiyo ilitoka kwetu Usukuma, ambako nafaka imekuwa ikipikwa pombe tangu enzi za mababu. Vijana wetu waambiwe kwamba Tuzo ya Nobel ilianzia kwenye mitungi ya bibi zao.

#7 MtafitiHamira

Shikamoo mzee. Hamira hiyo ilielezwa na Paul Lindner mwaka 1893 kutoka kwenye pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, na jina lake lilitokana na pombe hiyo. Kuipeleka moja kwa moja Magu ni hatua ndefu kuliko inavyoruhusiwa na maandishi hayo, lakini fahari ya Afrika Mashariki ni halali na ninaiunga mkono kwa moyo wote.

#8 Daktari_Kando_ya_Ziwa

Ninaheshimu hoja ya MtafitiHamira katika posti namba 5, lakini amesimulia ya hamira kana kwamba ndiyo ya binadamu. Wanyama wana protini ambayo hamira haina, iitwayo geminini, iliyoelezwa mwaka 1998. Geminini huikamata Cdt1 na kuizuia isilete pete. Hujikusanya tangu kunakili kunapoanza, na huvunjwa wakati wa mgawanyiko na kundi lile lile la protini linalovunja saiklini. Zaidi ya hayo, Cdt1 yenyewe huvunjwa pale pale DNA inaponakiliwa, kwa sababu kimeng'enya kinachoiwekea alama ya kuvunjwa huifuata PCNA, ile pete nyingine inayoishikilia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, isianguke kwenye uzi. Maana yake ni kwamba tendo lenyewe la kunakili ndilo linaloharibu uwezo wa kuanza upya, na kwa binadamu mimi naliona hilo kuwa kizuizi kikuu kuliko CDK.

#9 MtafitiHamira

Daktari, geminini ni nyongeza ya wanyama juu ya msingi uliokuwepo. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba hamira ya *pombe* ikizidishiwa protini moja tu, ile inayolingana na Cdc6 yetu, hunakili DNA tena na tena bila kugawanyika. Mwaka 2010 Damien Coudreuse na Nurse waliunganisha saiklini moja na CDK moja, wakaondoa saiklini nyingine zinazohusika, na seli ikaendelea na mzunguko wake. Kiwango cha chini cha kinasi hiyo kilitosha kuanzisha kunakili, na kiwango cha juu ndicho kilichohitajika kwa kugawanyika. Hata kwa mamalia, mwaka 2007 viinitete vya panya visivyo na CDK2, CDK4 wala CDK6 vilifika katikati ya mimba vikitegemea CDK1. Kupanda na kushuka kwa kinasi moja kunaeleza mengi kuliko orodha ndefu ya protini maalumu.

#10 Pamba_Misungwi

Naomba kuingilia kutoka shambani. Nyote mnazungumza kana kwamba kunakili bila kugawanyika ni ajali. Pamba tunayolima huku, zikiwamo mbegu ziitwazo UK zinazotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, ina kromosomu 52, wakati jamaa zake wa porini wengi wana 26. Ilitokana na aina mbili za pamba zilizochanganyika miaka milioni moja hadi mbili iliyopita, na seti zote za kromosomu zikabaki. Wazalishaji wa mbegu pia hutumia kolkisini, dawa inayozuia nyuzi za kuvuta kromosomu zisijengwe, ili seli inakili, ishindwe kutengana na ibaki na seti mara mbili. Kama sheria ya "mara moja tu" ni kali hivyo, mbona haya yanawezekana?

#11 MaabaraPasiansi

Pamba_Misungwi ameleta mfano mzuri, ila tutenganishe mambo mawili. Seli iliyopewa kolkisini ilinakili kila kipande mara moja tu. Ilichoshindwa ni kugawana. Hata mwilini mwetu seli nyingi za ini zina seti nne, na seli za uboho zinazotengeneza chembe sahani huweza kufikisha seti 64. Hizo huruka mgawanyiko kwa mpango maalumu: CDK hushuka, pete huvaliwa upya, kisha duru nyingine huanza, na ndani ya kila duru kila kituo hutumika mara moja. Anachouliza Mwalimu ni kituo kimoja kuanza mara mbili ndani ya duru moja, na hilo huvunjavunja DNA, kwa sababu mashine za nyuma huzifikia za mbele na kuacha ncha zilizokatika.

#12 Mama_Sengerema

Ninasoma polepole kwa sababu si mtaalamu, lakini jambo hili limeingia nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu alivimba taya akiwa na miaka sita. Mahali pa kwanza alipopelekwa aling'olewa meno mawili, na uvimbe ukazidi kukua mbele ya macho yetu. Alipofikishwa hospitali kubwa jijini wakasema ni saratani ya Burkitt, na baada ya dawa za kudungwa uvimbe ulinywea haraka kuliko ulivyokua. Leo yuko shuleni. Daktari, ni protini ipi kati ya hizi iliyokosea kwa yule mtoto?

#13 Daktari_Kando_ya_Ziwa

Pole mama, na hongereni kwa mtoto kupona. Ugonjwa huo ulielezwa na Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kosa lake kubwa linajulikana. Kwa wagonjwa wengi, kipande cha kromosomu namba 8 chenye jeni ya MYC hukatika na kuunganishwa kwenye kromosomu namba 14, jirani na jeni za kutengeneza kingamwili. Katika seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, jeni hizo huwa zimeamshwa wakati wote, hivyo MYC nayo haizimiki. Protini ya MYC huamsha jeni nyingi, zikiwamo za saiklini D2 na CDK4, na seli haisubiri tena ruhusa kutoka nje. Ndiyo maana uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Kasi hiyo ndiyo pia huufanya usikie dawa. Cyclophosphamide hufunga nyuzi za DNA zisitengane vizuri wakati wa kunakili, na vincristine huzuia nyuzi za kuvuta kromosomu, kama kolkisini ya Pamba_Misungwi. Kila mzazi wa Kanda ya Ziwa na alijue hili: uvimbe wa taya kwa mtoto unaokua kwa siku chache usichukuliwe kuwa jino peke yake.

#14 Ukerewe_Kisiwani

Daktari, umeeleza kosa lakini hukueleza kwa nini linatokea huku kwetu zaidi. Nimesoma kwamba ni virusi vya Epstein–Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 ndani ya uvimbe huo huo, lakini virusi hivyo wanavyo karibu watu wazima wote duniani.

#15 Daktari_Kando_ya_Ziwa

Malaria ndiyo inayotajwa zaidi, kwa kuwa ramani za magonjwa haya mawili hufanana. Jinsi inavyofanya kazi kuna maelezo mawili. La kwanza ni kwamba malaria ya mara kwa mara hulegeza seli T, chembe nyeupe nyingine za damu, zinazovidhibiti virusi. La pili, ninaloliegemea mimi, ni kwamba huzichochea seli B kutumia kupita kiasi kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kukata na kubadilisha jeni za kingamwili, na kikizidi huikata MYC pia.

#16 Mzee_wa_Magu

Msiisahau minyaa. Nyumba nyingi za Usukuma zina ua wa minyaa, watoto huuchezea, na utomvu wake umeonekana maabarani ukiviamsha virusi hivyo ndani ya seli. Watafiti waliutaja zamani na hoja hiyo haijafutwa.

#17 Nesi_Buzuruga

Mzee wa Magu amesema kweli, hoja hiyo ipo, ingawa peke yake haielezi maeneo yasiyo na minyaa.

Ninarudi kwa Kijana_Ilemela, kwa sababu posti yake imeachwa haraka. Katika saratani ya mlango wa kizazi, tunayoiona sana huku, virusi vya HPV aina ya 16 na 18 huleta protini mbili. E6 huifanya p53 ivunjwe. E7 huishika Rb, protini ambayo kwa kawaida huizuia E2F, na E2F ndiyo huamsha jeni za saiklini E, Cdc6 na MCM zenyewe. Kwa hiyo virusi huondoa breki ya kutengeneza leseni na wakati huo huo humwondoa anayekagua majeraha. p53 haihesabu nakala, lakini asiyeithamini haelewi saratani. Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Wazazi, tusiwafiche mabinti zetu siku ya chanjo.

#18 Baba_Selimundu

Asanteni wote. Mwanangu ana selimundu na anatumia hydroxyurea. Niliposoma kwenye karatasi kwamba dawa hiyo huzuia kunakiliwa kwa DNA niliogopa, kwa kuwa mtoto anakua na seli zake lazima zigawanyike. Je, simdumazi?

#19 MaabaraPasiansi

Ndugu, hofu yako inaeleweka. Hydroxyurea huzuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi za DNA, na malighafi zikipungua mashine za kunakili hupunguza mwendo. Seli za uboho, ambazo hugawanyika sana, huguswa kwanza. Ndiyo sababu dozi hupangwa kwa uzito na hesabu ya chembe za damu hupimwa mara kwa mara. Msirukie kipimo hata kimoja. Faida yake ni kwamba uboho huanza kutoa chembe nyekundu zenye kwa wingi hemoglobini ya aina ya mtoto aliye tumboni, na hizo hazijikunji kirahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka Angola, Kongo, Kenya na Uganda ulionyesha watoto wakipata maumivu machache, malaria pungufu na vifo vichache. Tafiti za watoto wanaoitumia hazikuonyesha kudumaa.

#20 MwalimuNyegezi

Nashukuru sana. Nimebaki na mvutano wa posti namba 8 na 9, kwa sababu mwanafunzi atataka kujua: kwa binadamu kizuizi kikuu ni CDK, ni geminini, au ni kuvunjwa kwa Cdt1?

#21 MaabaraPasiansi

Majaribio ya mayai ya chura yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kuondoa geminini peke yake hakutoshi, na kuzuia kuvunjwa kwa Cdt1 peke yake hakutoshi. Vikiondolewa vyote viwili, DNA hunakiliwa tena. Kwa hiyo kila kimoja kinatosha kushika zamu ya mwenzake. Mimi ningemwambia mwanafunzi kwamba neno "kikuu" ndilo linalotupoteza.

#22 MtafitiHamira

Mayai ya chura ni mayai. Kiinitete cha chura hugawanyika kila nusu saa hivi mwanzoni, bila hata kipindi cha kukua, na hakiwezi kumsemea mtu mzima mwenye ini na uboho. Chini ya yote hayo CDK bado inapanda na kushuka, na hakuna aliyeonyesha mnyama anayeishi bila hilo.

#23 Daktari_Kando_ya_Ziwa

Basi tuzitazame seli za binadamu. Mwaka 2009 ilichapishwa kwamba seli kadhaa za saratani zikinyimwa geminini hunakili DNA kupita kiasi na kufa, ilhali seli za kawaida zikinyimwa hivyo hivyo hazirudii kunakili. Seli ya kawaida ina vizuizi vya akiba, na ile ya saratani imebakiwa na kimoja. MtafitiHamira, kama CDK peke yake ingekuwa inatosha, zile za saratani, ambazo CDK zake ziko juu kuliko kawaida, zingepaswa kuwa za mwisho kushindwa. Nasubiri maelezo yako.